Mwandishi Wetu, Umekula?

Nyumbani,
Chumba cha mbele, kwenye meza ya kukatia nguo,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Redio,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kifua chako bado kinakubana asubuhi za baridi, au kimepoa? Unalala vizuri? Unavaa sweta? Najua hapo unacheka kwamba dada hajaacha kuuliza sweta, lakini nimekushonea nguo tangu hujui kufunga vifungo, kwa hiyo haki ya kuuliza ninayo na sitaiacha.

Sisi huku hatujambo kiasi. Mama magoti yanamsumbua mvua ikikaribia, na macho yake yamezidi kufifia, siku hizi watu anawatambua kwa sauti. Mwenyewe hakubali. Anasema macho yake hayana tatizo, ni sisi tuliopauka. Mjomba anakohoa na kulalamika tangu asubuhi mpaka jioni, maana yake ni mzima kabisa. Mpwa wako amenipita kimo na anavaa viatu vyangu bila kuomba. Mimi nipo. Mgongo unadai mapumziko, cherehani haitaki kusikia habari hiyo.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu yako haipatikani. Yule mwanamke wa mtandao ananijibu kila nikipiga, kwa adabu ile ile, na nimefikia hatua ya kumchukia bure mtu ambaye hajanikosea. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja tu: wewe ni mzima, na je, utakuja nyumbani? Nikiliandika hilo peke yake nitalowesha karatasi, kwa hiyo nivumilie nikusimulie na mengine.

Unaikumbuka siku uliyotupigia kusema umepata kazi kwenye tovuti ya habari za mji huo? Sauti yako ilikuwa juu mpaka mama akaisikia akiwa uani. Ulisema kazi yenyewe ni kuandika matangazo na habari ndogo ndogo: maji, taa za barabarani, daraja, mbwa aliyepotea. Mama akauliza tutakuwa tunakupataje, maana ulisema zamu ni nyingi na simu kazini hazipokelewi. Ukajibu, "Mkinitaka, nisomeni." Ulisema huku unacheka. Sisi tulilichukua neno lako kama lilivyo, ndiyo shida ya kuwa na ndugu wanaokupenda.

Mwanzoni nilijaribu kuifungua tovuti yenyewe. Ilikuwa nzito kama gunia lililolowa. Matangazo ya dawa za kuotesha nywele yaliruka mbele ya habari, nikiyafunga yanarudi, na kifurushi changu cha intaneti kiliisha kabla sijafika kwenye habari yako hata moja. Kwenye mitandao ya kijamii nako ukurasa wenu leo nauona, kesho siuoni, naletewa watu nisiowajua wakijipodoa. Nikampelekea simu fundi simu wa pale kona, yule anayefuga ukucha wa kidole kidogo ili ufungue vifuniko vya simu. Alinicheka kwanza, kisha akaniwekea kisoma milisho.

Wewe vitu hivyo unavijua, lakini acha nikueleze nilivyovielewa mimi, ujue dada yako si mshamba. Ni programu ndogo isiyo na mapambo. Unaipa anwani ya mlisho wa tovuti unayoitaka, basi, umemaliza. Kila kinachochapishwa kule kinaingia chenyewe huku, kwa zamu yake, kichwa cha habari na maneno yake, na hakuna mtu katikati anayeniamulia nisome nini na niache nini. Ambacho sijasoma kinakaa kwa herufi nene. Nikishasoma, herufi zinakonda. Nilikipenda kidude hicho siku ile ile, nikauweka mji wako juu kabisa, peke yake.

Fundi alinirudishia simu mpaka mlangoni. Mama alikuwa amekaa hapo hapo anachambua mchele. Fundi akasema, "Dada, kazi imekwisha. Mlisho wa mdogo wako utakuwa unaingia kila siku."

Mama akainua kichwa. "Nani anamlisha?"

"Si hivyo, mama. Mlisho wa habari."

"Nami nimeuliza, nani anamlisha? Mikono yake imefanya nini?"

Fundi aliondoka ameshika mbavu. Mimi nilikaa chini nikamweleza mama taratibu, na nadhani alinielewa vizuri tu, ila alilipenda kosa lake kuliko maelezo yangu.

Ndipo nikamsomea ya kwanza. Ilikuwa ya taa za barabarani karibu na soko la huko, na chini ya kichwa cha habari paliandikwa "Na Mwandishi Wetu". Mama akanikatiza papo hapo. "Wao ndio wanaosema wetu? Wamemzaa lini?" Mjomba akajaribu kumweleza kwamba ndivyo magazeti yanavyoandika, mwandishi asipotajwa jina. Mama hakutaka kujua ya magazeti. Alisema kama ni wetu, basi ni wetu sisi, na hao wengine wameazima. Kuanzia hapo ukawa na jina jipya humu ndani. Simu ikitoa kale kamlio kake, mama anauliza kutoka popote alipo, "Mwandishi wetu amekula?"

Simu naiegemeza kwenye kopo la bobini za uzi, pembeni ya cherehani. Ikilia, nazuia gurudumu kwa kiganja, nafuta chaki vidoleni, nafungua.

"Amekula, mama."

"Amekula nini leo?"

"Leo amekula daraja."

Na mjomba, kutoka kwenye kiti chake, "Mwambie ale polepole. Kuna waliokula daraja wakajenga ghorofa."

Mdogo wangu, natamani ungetuona. Tuliujua mji wako kuliko wetu. Mama alikosa raha kwa ajili ya yule mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililokatika, na siku ulipoandika kwamba amepatikana nyuma ya ghala la chumvi, alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza nani amepona. Mjomba amegombana na mkandarasi wa daraja ambaye hajawahi kumwona. Anazijua siku zote alizoahidi kumaliza na visingizio vyote alivyotoa, na anasema seremala akimfanyia mteja hivyo anachapwa. Mimi mwenyewe siku moja nilimwambia mteja wangu, mama mmoja aliyekuja kupima sare za watoto, kwamba akiondoka apitie barabara ya machinjioni maana ile ya kati imefungwa. Akanitazama. Hapa kwetu hakuna barabara ya machinjioni. Ilibidi nijifanye natafuta sindano.

Lakini kilichotufanya tujue ni wewe kweli, si mwandishi yeyote, ni yale maji. Unajua mwenyewe. Tulipokuwa wadogo na bomba likakauka, mama hakuwahi kutuambia maji yamekatika. Alikuwa anasema, "Maji yamekwenda kutembea, yatarudi, kaeni na ndoo." Nasi tulikaa na ndoo tukibishana yamekwenda kwa nani. Sijawahi kumsikia mtu mwingine akisema hivyo. Basi siku moja nafungua mlisho, nasoma kwa sauti bila kufikiri: "Maji yatakwenda kutembea kuanzia kesho alfajiri kwa wakazi wa upande wa stesheni. Wekeni ndoo tayari, yanatarajiwa kurudi jioni." Mama alipiga makofi. Mjomba alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Nami nilicheka, kisha nikaenda chumbani nikalia kidogo, maana nilikuona kabisa umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu haifiki chini.

Nilijifunza kukusoma hivyo. Ukiandika kwamba ukungu ulikuwa mzito bondeni, najua uliamka mapema na ulipita kule bila kofia. Ukiandika kwamba foleni ya kituo cha basi inaanza kabla jua halijatoka, najua nawe ulikuwa ndani ya foleni hiyo, tena nyuma, maana hujui kusukumana. Ulipoandika kwamba duka la mikate limebadili saa za kufungua na sasa harufu inawaamsha majirani mapema zaidi, mama alisema, "Huyo amehamia karibu na mikate." Tangazo halikusema neno lolote kuhusu wewe. Sisi tulikuokota humo humo, chembe chembe.

Simu zako zilianza kuadimika, nasi hatukushituka kama tulivyopaswa. Mtu anayetumia mlisho anadanganyika kirahisi. Kila siku unaingia, kila siku una herufi nene, basi moyo unasema yupo. Nilikuwa namwambia mama kwamba umebanwa na kazi. Naye anasema, "Mradi anakula." Hakuna aliyekumbuka kwamba ulikuwa unaandika kwa mji mzima, sisi tumedandia tu.

Kisha zikaja zile mvua kubwa. Baada ya mvua, siku moja simu ililia, nikazuia gurudumu, nikasoma: "Idara ya Maji inapenda kuwatangazia wakazi wote kuwa huduma itasitishwa kwa muda ili kupisha matengenezo. Usumbufu wowote utakaojitokeza unasikitikiwa." Chini ya kichwa, kama siku zote, Na Mwandishi Wetu.

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo wa mchele. Akasema, "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Huyu aliyekula leo si mwanangu."

Nilibishana naye. Nilimwambia labda mkubwa wa kazi amekukataza utani. Labda ulikuwa na haraka. Mjomba naye akasema ofisi zote huishia kuandika hivyo, hata aliyeanza na maneno mazuri. Mama hakubishana na yeyote. Alirudi kwenye mchele wake. Kesho yake nikasoma nyingine, "wananchi wanaombwa kuwa watulivu", na keshokutwa "kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa", na kila nikimaliza mama anatikisa kichwa, basi. Yeye asiyeziona herufi alijua kabla yangu mimi ninayezisoma.

Na hapo ndipo nilipokikasirikia kisoma milisho, ingawa hakina kosa. Kinaleta kilichotolewa, hakijui mkono wa nani umekitoa. Habari zilikuwa nyingi kuliko wakati wako, zinaingia mfululizo kama mteja mwenye harusi, na jina ni lile lile. Hakuna ukungu ndani yake. Hakuna mbwa. Nilizipekua zote, nikitafuta hata koma moja uliyoiweka wewe.

Ile ya mwisho iliyo yako kweli nimeiwekea alama ya nyota, maana fundi simu aliniambia zile za zamani programu huzifuta zenyewe. Ni ya maji ya upande wa machinjioni, umewaambia watu yamekwenda kutembea, wasiyafukuzie. Kila nikiisha kumsomea mama, naibonyeza kwa muda irudi kuwa haijasomwa, ili herufi zake ziendelee kuwa nene. Binti yangu ameniona nikifanya hivyo akauliza kuna faida gani. Nilimwambia aende kupiga pasi.

Nilipiga simu, haipatikani. Nikapiga mpaka mama akaniambia niiache simu ipumue. Mwisho nikaingia kwenye tovuti yenyewe, nikapambana na dawa zao za nywele, nikafika pale palipoandikwa "Wasiliana nasi", nikawaandikia kwamba mimi ni dada wa Mwandishi Wetu. Ninaona aibu nikikumbuka, lakini ndivyo nilivyoandika, sikujua kazini wanakuitaje.

Mhariri wenu alinijibu mwenyewe. Anaonekana mama wa watu, hakunicheka. Ndiye aliyenieleza kwamba matangazo siku hizi yanatoka moja kwa moja kwenye idara zenyewe, yanamiminwa kwenye tovuti bila mtu kuyagusa, na nafasi yako ikaondolewa mara tu baada ya zile mvua. Alisema uliondoka vizuri, bila maneno, uliwaaga wote hata mlinzi. Alisema hajui unafanya nini sasa, ila uliacha anwani ya barua, chumba cha nyuma ya duka la mikate. Nilipomsomea mama hapo alisema tu, "Niliwaambia." Na mhariri aliongeza jambo ambalo nataka ulijue: wasomaji wa huko nao waliandika kuuliza yuko wapi yule wa maji kutembea.

Sasa nikugombeze kidogo, kisha niache. Kwa nini hukutuambia? Tumekaa tunamsomea mama barua za idara ya maji tukidhani ni mwanawe. Nilikasirika siku nzima, nikashona mkono wa gauni la mtu kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena. Kisha hasira ikaisha, ikabaki hii hamu ambayo haiishi. Nimekukumbuka, mdogo wangu. Nimekukumbuka mpaka kelele zako. Nyumba haina wa kutangaza nani amevunja kikombe.

Kama ni aibu ya kazi, aibu gani hiyo? Mjomba alipoachishwa pale kiwanda cha mbao alikuja nyumbani, akala, akalala, na kesho yake akaanza kutukosoa, na hajapumzika mpaka leo. Hakuna aliyemwuliza. Na wewe hakuna atakayekuuliza. Ukija utakuta nina sare za shule nzima za kukata na mkanda wa cherehani unaolegea kila mara. Wewe ulikuwa unajua kuukaza bila kuutoa, mimi naukaza kwa matusi. Sikuiti uje kufanya kazi. Nakwambia tu kazi ipo, usije ukafikiri utakuwa wa kutazamwa.

Mama nilimwambia yote siku ile ile, sikumficha. Nikafikiri nimpunguzie uchungu, nikamwambia, "Basi mama, huu mlisho niufute, si wake tena."

"Yeye yuko mji ule ule?"

"Nadhani yuko, mama. Kwenye chumba cha mikate."

"Basi usifute. Soma."

"Lakini si yeye anayeandika."

"Nimesikia. Maji yakikatika huko, si na yeye anakosa ya kunywa? Soma."

Kwa hiyo mpaka leo tunasoma. Kila siku simu inalia, nazuia gurudumu, na namsomea mama "usumbufu wowote utakaojitokeza", naye anasikiliza neno kwa neno, anauliza upande gani, mpaka lini. Ikiwa ni upande wako, siku hiyo hatulii mpaka nimwambie yamerudi. Zamani tulisikiliza ulichoandika. Sasa tunasikiliza kinachokupata. Mjomba anadai ni mateso ya bure, lakini nisipofungua mapema ndiye wa kwanza kuuliza kuhusu daraja. Bado halijakwisha, kwa taarifa yako, na usimwulize kitu hicho ukimpata kwenye simu.

Juzi ikaingia moja ambayo karibu niipite, maana ilikuwa ndefu na imeandikwa kwa maneno makavu kama mbao, kama zote. Inasema treni ya abiria iliyosimamishwa tangu mvua itaanza tena safari zake kutoka stesheni yenu, na itafika mpaka stesheni kuu, ile ambako basi letu hupakia abiria. Nilisoma haraka, nina suruali ya mtu mkononi. Mama akaniambia nirudie pale pa treni. Nikarudia. Akauliza ni hakika au ni kama daraja. Nikamwambia wameandika ni hakika. Akainuka, akaondoka.

Baada ya muda nikasikia kitu kinaburutwa. Nikatoka, nikamkuta koridoni analivuta godoro lako kutoka chumba cha nyuma, na magoti yale, anapumua kwa shida, amekataa kuita mtu. Nilimgombeza huku nashika upande wa pili. Tukalitoa uani, tukalilaza juu ya ukuta juani, akalipiga kwa fimbo ya ufagio mpaka vumbi likamfanya apige chafya. Kisha akaniomba nimshonee foronya mpya. Nimeshashona. Nimetumia kile kitambaa cha buluu nilichokuwa nimekiweka kwa mteja, mteja nitamwambia panya.

Mjomba anakusalimu, anasema ukipita kwenye daraja hilo umtazame huyo mkandarasi usoni kwa niaba yake. Mpwa wako anakusalimu, na anasema umletee viatu vya huko, namba yake imepanda. Fundi simu anakusalimu, anajiona ndiye aliyetuunganisha, na siwezi kumbishia. Mhariri wenu ukimwona mfikishie shukrani zangu, umwambie dada wa Mwandishi Wetu hatamsahau. Mama hatumi salamu. Anasema salamu ni za watu wasioonana.

Jirani naye anakusalimu. Jua likitoka tu, godoro liko ukutani, na kila akiliona anauliza mgeni wetu anafika lini. Mama anamjibu kwamba mwanawe yuko njiani. Anamjibu hivyo kila siku, bila kusita, na mimi nainamia cherehani kana kwamba sijasikia. Mdogo wangu, tafadhali, usimfanye mama kuwa mwongo.

Mungu akulinde, akupe afya na akufungulie hiyo njia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Fundi Cherehani